Ufa wa Julai

Kila mwaka, Jumamosi ya mashindano, kabla bendi ya Mayungiyungi haijaingia uwanjani, Lettie Filander aliomba apewe klarineti ya kwanza, akaitia ndani ya sweta yake, akakaa nayo juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka jina la bendi liitwe. Februari katika bonde la Paarl, kusini kabisa mwa bara, huyeyusha lami, lakini sweta aliivaa. Watu walishazoea. Vijana wa saksafoni walisema Anti Lettie anaatamia, na wengine wao walitetea kama kuku nyuma ya basi. Waliamini, au walisema wanaamini, kwamba mwaka ambao Filander hatailalia klarineti, kombe litakwenda kwa wengine. Kabla yake, baba yake Freek alifanya vile vile ndani ya koti lake. Hakuna aliyekumbuka mila hiyo ilianza lini.

Lettie alikumbuka mwaka, mwezi na saa. Alichokifanya juu ya ile ndoo ni kuogopa tu, na watu wakakiita baraka.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, mrefu, mabega yameinamia mbele kwa kuzoea meza. Hakuolewa. Aliishi katika nyumba aliyozaliwa, nyumba ambayo chumba chake cha mbele hakikuwahi kuwekwa makochi. Kilikuwa na jiliwa, tupa za kila unene, taa ya spiriti, na saksafoni zilizoning'inia ukutani kama nyama buchani. Wenye vyombo walitoka miji ya jirani, Wellington na Worcester, kumfuata. Akipuliza noti moja tu alijua ni tundu lipi linavuja, kama mama anavyojua ni mtoto yupi anayekohoa chumba cha pili.

Kazi alifundishwa na Freek, mtu wa maneno machache. Freek alisema fundi asikifanye chombo kionekane kipya, maana kikionekana kipya kitapulizwa kama kipya. Alisema usitumie gundi ambayo fundi mwenzako hataweza kuiyeyusha. Na alisema usifiche mkono wako. Kwa hiyo kila alipotengeneza klarineti alivua ukanda wa gome unaozungushwa pale vipande viwili vinapoungana, gome lile lile la vizibo vya chupa za mvinyo, akachora juu ya mbao kwa ncha ya sindano mwaka na herufi zake, F.F., kisha akagandisha ukanda mpya juu yake. Wapigaji hawakujua. Fundi mwingine tu ndiye angeona, siku ukanda utakapochakaa.

"Hawezi kuniuliza nikiwa kaburini," alisema. "Basi namwachia barua."

Klarineti ya kwanza ya Mayungiyungi ndiyo pekee ya bendi iliyokuwa ya mbao, mpingo mweusi uliotoka kaskazini ya mbali ambako hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika. Nyingine zote zilikuwa za plastiki. Aliinunua Babu Jephtha, mwanzilishi wa bendi, na chini ya ukanda wake palikuwa na barua sita za Freek: 1958, 1963, 1969, 1977, 1983, 1994. Tangu baba yake afe, Lettie alikuwa ameubadilisha ukanda ule mara nne bila kuandika lake, na kila mara macho yake yalikwenda pale pale, katikati ya 1977 na 1983. Palikuwa na nafasi tupu, upana wa ukucha.

Jumatatu ya wiki ya mashindano, asubuhi, Neville Jephtha alikuja na klarineti ndani ya sanduku lake. Neville alikuwa mjukuu wa mwanzilishi, fundi bomba kwa kazi na kapteni wa bendi kwa moyo wake wote. Alifuatana na binti yake Tamaryn, wa miaka kumi na saba, msichana wa kwanza kukabidhiwa klarineti ya kwanza tangu bendi izaliwe.

"Anti Lettie," Neville alisema akiweka sanduku mezani, "mgonjwa wako anapiga mluzi."

"Anapiga mwenyewe au anapigishwa?"

"Muulize huyu."

"Ni noti za chini, Anti," Tamaryn alisema. "Naomba hii, inanipa ile. Kama kumtuma kaka yangu dukani."

Lettie alicheka. "Unaipumzisha lakini?"

"Aipumzishe wapi?" Neville alijibu kwa niaba ya binti yake, tena kwa fahari. "Anapiga masaa matatu kila siku, haiweki chini. Mistari minne ya mwanzo ya wimbo wa bendi anapiga peke yake, uwanja mzima kimya. Unataka alale?"

Lettie alifungua sanduku, akaigusa mbao. Masaa matatu. Ndani mbao inalowa na kuvimba, nje inakauka kwa joto la Februari.

"Na jingine," Neville aliendelea. "Bodi ya mashindano imeleta sheria mpya. Mwaka huu, ukishapita geti la kukusanyikia, ni wenye sare tu. Hakuna mama wa maji, hakuna mpiga picha, hakuna..."

"Hakuna kuku."

"Hilo sikulisema mimi, Anti."

"Kutoka getini mpaka zamu yenu ni muda gani?"

"Saa moja. Wakichelewa, saa na nusu, na wanachelewa. Lakini usiwe na wasiwasi, tutangojea ndani ya basi. Basi la safari hii lina kiyoyozi, unakaa kama soda kwenye friji." Akamtazama, akaona uso wake haukufurahi. "Au nikuvalishe blezeri nikuingize kinyemela?"

"Blezeri zenu hazijawahi kuwa na kipimo changu, Neville."

Neville alicheka mpaka nje. Tamaryn hakucheka. Aliiangalia klarineti mara moja zaidi kabla ya kumfuata baba yake.

Walipoondoka, Lettie alifunga mlango kwa komeo, akavuta mapazia saa nne ya asubuhi, akaingiza ndani ya klarineti taa ndogo iliyofungwa kwenye waya. Hivyo ndivyo chombo kinavyochunguzwa: matundu yote yakizibwa, klarineti nzima huwa giza tupu, na mahali inapovuja ndipo mwanga unapochungulia. Aliizungusha polepole. Chini, giza. Katikati, giza. Juu, karibu na mdomo, zilikuwepo pini tatu za chuma ambazo yeye peke yake duniani alijua zilipo, zimezibwa kwa unga wa mpingo mpaka zisionekane. Na ng'ambo ya pini ya tatu aliona mstari wa mwanga, mwembamba kama unywele, urefu wa punje ya mchele.

Alizima taa. Akakaa gizani, klarineti mapajani.

Ilikuwa Julai ya zamani, katikati ya majira ya baridi ya huku kusini. Theluji ilikuwa juu ya milima, na mabomba ya mtaa yalikuwa yameganda. Lettie alikuwa na miaka kumi na tisa, na tayari aliweza kubadilisha vifuniko vya ngozi vya klarineti bila kuangalia. Lakini kupiga, hapana. Wasichana wa Mayungiyungi walishona beji na kukata sandwichi. Wimbo wa bendi aliujua kwa kuusikia kupitia ukutani, na vidole vyake viliupiga juu ya shuka kila alipolala. Asubuhi ile Freek alitoka kwenda kununua mkate. Klarineti ya Babu Jephtha ilikuwa juu ya rafu ya bati, imelala hapo tangu jana yake, baridi kama kisu. Lettie aliichukua. Alijua inavyopaswa, alikuwa amefundishwa: mbao hupashwa kwanza, kwa viganja, kwa kwapa, taratibu. Lakini duka la mkate lilikuwa kona ya pili tu. Akapuliza.

Pumzi ya moto ikaingia ndani ya mti wa baridi, na mti ukapasuka.

Baba yake aliingia akiwa na mkate chini ya mkono. Hakumtazama binti yake. Aliitazama klarineti, akaipeleka dirishani, akaigeuza mwangani muda mrefu.

"Funga mlango," alisema. "Baridi inaingia."

Kisha akasema, "Lete kekee."

Waliifanya kazi siku mbili. Freek alitoboa, Lettie alishika taa. Pini tatu, gundi, unga wa mpingo, mafuta, mpaka hata jicho la fundi lisingeona kitu. Siku ya kuugandisha ukanda mpya, Lettie alimwona baba yake ameshika sindano juu ya mbao. Aliishika hivyo kwa muda. Halafu akairudisha kwenye mto wa kuchomekea sindano bila kuandika kitu, akapaka gundi.

"Haikutokea," alisema. Hawakuizungumzia tena mpaka alipokufa.

Lakini Februari iliyofuata Freek alikwenda uwanjani na koti zito, akaiomba klarineti, akaitia kifuani. Bendi ikapata kombe, na mila ikazaliwa.

Jumatano Lettie alizima redio, akafunga mbwa nyuma ya nyumba, akaibana klarineti kwenye jiliwa lililofunikwa kwa sufu. Kazi ilikuwa moja: kuweka pini ya nne mbele ya ufa, ili ukifika hapo ukute njia imefungwa. Ukuta wa mbao ulikuwa na unene wa penseli. Kekee ilikuwa nyembamba kama sindano ya kushonea, na ilipaswa kupita ndani ya ukuta huo kutoka upande mmoja wa ufa mpaka wa pili. Ikipotoka nukta moja kuelekea ndani, itatokea kwenye njia ya pumzi. Ikipotoka kuelekea nje, itabandua ngozi ya mti. Na mti uliozeeka, ukichokozwa pasipo pake, unaweza kufunguka wote.

Alizungusha mpini. Unga mweusi ukaanza kutoka, laini kama wa ugoro. Alijikuta anasali, halafu akaacha, kwa sababu sala ilitikisa midomo na midomo ikatikisa mkono. Kila mizunguko mitatu alisimama na kusikiliza. Mara moja kitu kilitoa mlio mkavu, akausimamisha mkono. Lilikuwa bati la paa likijinyoosha kwa joto. Alipuliza unga kwenye tundu, akaendelea. Kazi ambayo baba yake angeimaliza kwa saa moja ilimchukua mpaka saa nane mchana, na alipoinuka, blauzi ilikuwa imemganda mgongoni.

Alivuta mapazia, akaingiza taa. Giza. Hakukuwa na mwanga popote.

Hata hivyo hofu haikutoka, ilisogea tu. Pini huuzuia ufa kutembea, haiuui. Mbao ile sasa ingestahimili pumzi ikiwa na joto la mwili. Ikitoka kwenye basi la kiyoyozi ikapulizwa papo hapo, pini nne zisingesaidia kitu. Angeweza kumwambia msichana aitie ndani ya blezeri, aseme ni bahati ya bendi, mila, imeisha. Alilifikiria hilo wakati anakunywa chai, na lilikuwa tamu. Lakini anayebeba kitu kwa ajili ya bahati hukitua mkono ukichoka, au kapteni akipiga kelele. Na ufa ukianza kusema, nani atauelewa?

Zaidi ya hapo kulikuwa na jina. Watu walimletea vyombo kwa sababu Filander hakuwahi kuharibu na hakuwahi kudanganya. Ukiondoa jina hilo, chumba cha mbele kingebakiwa na nini? Vyuma ukutani.

Alivua ukanda wa gome. Akaitazama nafasi ile kati ya 1977 na 1983, na kwa mara ya kwanza akaona jambo lililokuwa wazi siku zote. Barua zote za baba yake zilibanana, zimefuatana bila pengo. Hapa tu aliruka. Alikuwa amesogea, kama mtu anayemwachia mwenzake pa kukaa kwenye benchi.

Lettie alichukua sindano.

Neville na Tamaryn walikuja Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Klarineti ilikuwa juu ya meza, vipande viwili, ukanda haujarudishwa.

"Haijaisha?" Neville aliuliza. Uso ulimbadilika. "Anti, kesho ni kesho."

"Imebaki gundi ya dakika kumi. Tamaryn, njoo." Alimpa kioo cha kukuzia. "Nisomee hapo."

Msichana aliinama. "1958, F.F. 1963, F.F. Huyu ni Anko Freek?" Akaendelea mpaka akasimama. "Hii ni nyeupe, imechorwa juzi. 1980. L.F." Aliinua kichwa. "L.F. ni nani, Anti?"

"Mimi."

Akawaeleza. Aliyasema yote akiwa amesimama, macho yakiwa kwenye jiliwa, bila kuongeza wala kujipunguzia. Julai, rafu ya bati, duka la mkate. Pini tatu, sasa nne. Koti la baba yake, sweta yake.

Neville alikaa kwenye stuli bila kukaribishwa. "Babu yangu alikufa akisema mti huu haujawahi kupata hata mkwaruzo."

"Najua."

"Anko Freek alikula Krismasi mezani kwetu."

"Kila mwaka. Na kila mwaka hakumaliza sahani."

"Kwa hiyo ule uatamiaji wako..."

"Mbao ikiwa na joto la mtu, pumzi haiishtui. Hicho tu, Neville. Hakuna kingine humo."

"Miaka thelathini na tisa mnatuchezea shere." Aliinuka, akakaa tena. "Na sasa unataka afanye nini? Gwaride lina pointi zake. Vyombo vyote mkono wa kushoto, mstari mmoja. Huyu akikificha chake ndani ya blezeri, wanakata. Tunakosa kombe kwa sababu wewe ulikuwa na haraka mwaka ambao mimi sijaota hata ndevu."

Tamaryn alikuwa bado ameshika kioo.

"Ilitoa sauti gani?" aliuliza.

"Nini?"

"Ilipopasuka."

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo. "Tik," Lettie alisema. "Ndogo. Kama njiti ya kiberiti inavyovunjwa chumba cha pili. Ukiisikia, unaacha. Hata uwe katikati ya mstari. Unaitoa mdomoni na unaacha wenzako waendelee."

"Mbele ya majaji?"

"Mbele ya majaji."

"Na wewe uliacha?"

Chumba kilikuwa na joto, na nyuma ya nyumba mbwa alikuwa analalamika. Hili hata Freek hakuambiwa.

"Hapana," Lettie alisema. "Niliisikia kwenye mstari wa tatu. Ulikuwa ufa wa kucha tu, ningeacha ungebaki wa kucha. Nikaenda mpaka mwisho wa mstari wa nne. Nilijua sitapewa tena."

Msichana aliweka kioo mezani polepole. Neville alimwangalia Lettie, kisha akamwangalia binti yake, kisha akayaangalia mapazia. Lettie aligandisha ukanda mpya juu ya mbao na juu ya barua saba, akaunganisha vipande, akatia ganda la chungwa ndani ya sanduku ili mti usikauke. Neville alibeba sanduku akatoka. Hakuaga.

Jumamosi alisimama nje ya uzio pamoja na watazamaji, sweta ameikunja mkononi bila kujua ameileta ya nini. Hakuna mtu aliyetetea kama kuku. Mabasi yalikuwa yamejipanga ng'ambo ya uwanja, vioo vyeusi, injini zinanguruma ili baridi isikatike. Kila mlango ulipofunguka alitazama. Hakuona kitu. Bendi ya kwanza ikapiga, ya pili ikapiga. Saa moja ikapita, ikaingia nusu.

Wakaitwa Mayungiyungi.

Walitoka kwa mstari, blezeri za rangi ya maziwa, kofia zimelala sikioni. Neville mbele na fimbo yake. Saksafoni mkono wa kushoto, zote sawa, kama uzio uliopimwa kwa kamba. Nyuma yao zikaja klarineti sita, na hakuna iliyoonekana hata moja. Wapigaji sita walitembea mkono wa kulia kifuani, blezeri zimefungwa mpaka juu, kila mmoja na uvimbe upande wa moyo. Wote sita, hatua moja.

"Hawa wana nini?" mama mmoja aliuliza karibu na Lettie. "Wanaumwa tumbo?"

Jaji wa gwaride aliinamia karatasi yake, akaandika kitu kirefu.

Bendi ikasimama. Tamaryn akafungua vifungo viwili, akaitoa, akaisogeza midomoni. Uwanja ukanyamaza. Lettie alikamata waya wa uzio.

Mstari wa kwanza. Alikuwa hasikii wimbo. Alikuwa anasikiliza njiti ya kiberiti, na kutoka pale alipo asingeweza kuisikia hata ingevunjwa. Aliyekuwa na uwezo wa kuisikia ni yule mtoto peke yake, katikati ya majani makavu. Mstari wa pili. Mstari wa tatu ulipanda, na pale juu, mahali ambapo hakuna mpigaji anayevuta pumzi, sauti ilikatika.

Ilikuwa nusu ya sekunde. Msichana aliitoa klarineti mdomoni kwa upana wa kidole, kichwa amekiinamisha pembeni.

Kisha akairudisha, akaendelea. Mstari wa nne ukafika mwisho wake, na bendi nzima ikaingia.

Baadaye, wenzake walipokimbilia maji, Tamaryn alivuka majani mpaka kwenye uzio. Alikuwa ameishika klarineti kwa mikono miwili, uso umeloa jasho.

"Haikutoa ile sauti, Anti," alisema. "Nilisikia kitu nikadhani ndiyo yenyewe. Kilikuwa kiti cha jaji. Wametukata, sivyo? Baba anasema wametukata pointi, na pale nilipoacha..."

"Ifute kwanza," Lettie alisema. Akaipitisha sweta yake kwenye tundu la uzio, maana hakuwa na kitambaa kingine. "Ndani, mpaka ikauke. Kabla hujaongea neno jingine, ifute."